BARAZANI NA BWANA SHAMBA: Mke Akipigwa, Polisi Wafanye Nini?



Mwezi huu sitaandika habari za mpunga. Nitajibu swali. Swali hili niliulizwa na akina mama wa kikundi kimoja cha kilimo, tulipokuwa tunapumzika baada ya kupalilia. Mmoja wao alisema, "Bwana Shamba, kila mwezi unatuandikia habari za mbolea. Tuandikie na hili. Mwanamke akipigwa na mumewe, akenda polisi, kwa nini anaambiwa arudi nyumbani wakapatane?"

Wenzake walinyamaza. Hakuna aliyecheka. Nikajua swali lina mwenyewe.

Wapo wanaume watakaosema kwamba hii si kazi ya bwana shamba. Mimi nasema ni kazi yangu. Tazameni makonde yetu ya mpunga hapa Unguja. Nani wengi mle ndani, wanaume au wanawake? Tazameni mwani wa Paje na Jambiani, uliokuja mwaka 1989. Nani wanaoulima zaidi? Mwanamke aliyevunjwa mkono hapandi, hapalilii wala havuni. Basi na tuzungumze.

Kwanza tujue jambo moja. Kumpiga mtu ni kosa la jinai. Kosa la jinai ni lile ambalo serikali yenyewe humshitaki aliyelifanya. Sheria ya Adhabu ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2018, inakataza kumshambulia mtu na kumjeruhi. Mke ni mtu. Sheria hiyo haikumtoa.

Hapa watu wengi huchanganya. Husema, "Mambo ya mke na mume ni ya kadhi." Kadhi ana kazi yake, nayo ni kubwa. Anaangalia ndoa, talaka, nafaka na malezi ya watoto. Mke anayeumizwa anaweza kwenda kwa kadhi kuomba ndoa ivunjwe. Lakini kadhi hamfungi mtu jela kwa kumng'oa mwenzake jino. Jino ni kazi ya polisi na mahakama za kawaida. Mwanamke anaweza kwenda kwa kadhi, anaweza kwenda polisi, na anaweza kwenda kote kuwili. Tena kwenda polisi si kudai talaka. Wengi huogopa kwenda kwa kufikiri kwamba ndoa itakuwa imekwisha siku ile ile. Sivyo.

Wenzetu wa Tanzania Bara wana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hiyo inasema wazi kwamba mume hana haki ya kumwadhibu mke kwa kipigo, wala mke hana haki ya kumwadhibu mume. Sheria ile haitumiki Zanzibar. Uganda walitunga sheria maalumu ya ukatili wa nyumbani mwaka 2010, na Kenya mwaka 2015. Kwa sheria hizo, mahakama inaweza kumwamuru mpigaji akae mbali na anayepigwa. Sisi, Bara na Visiwani, hatuna sheria maalumu ya namna hiyo. Polisi wetu hutumia sheria za kawaida za kupiga na kujeruhi. Jambo hili lina madhara yake, nami nitalirudia huko mbele.

Sasa twende kituoni. Tuseme mwanamke ametoka kijijini na jicho limevimba. Amefika kituo cha polisi, iwe Malindi huko Mjini, iwe Mwera, Chwaka, Makunduchi, Mahonda au Mkokotoni. Askari wa kaunta afanye nini?

Kwanza amsikilize. Kisha aandike taarifa katika kitabu cha kituo na ampe nambari yake. Watu huiita RB. Nambari hiyo ndiyo ushahidi kwamba alifika. Kama ameumia, askari ampe fomu ya PF3 aende nayo hospitali. Daktari huandika humo majeraha aliyoyaona, na fomu hurudi polisi. PF3 hailipiwi hata senti moja. Kisha mwanamke achukuliwe maelezo, mtuhumiwa atafutwe, na mashahidi waulizwe. Karatasi zote huwekwa katika jalada moja. Jalada likikamilika huenda kwa waendesha mashitaka wa serikali, walio chini ya Mkurugenzi wa Mashitaka. Hao ndio wanaoamua kama kesi iende mahakamani. Si askari wa kaunta, wala si wazee wa ukoo.

Maelezo ya mwanamke hayafai kuchukuliwa mbele ya watu waliokuja kushitaki wizi wa kuku. Ndiyo sababu Jeshi la Polisi liliweka Dawati la Jinsia na Watoto. Madawati haya yalianza wakati jeshi linaongozwa na Inspekta Jenerali Said Mwema, aliyeshika kazi hiyo kuanzia 2006 hadi 2013. Dawati ni mahali pa faragha ndani ya kituo. Hapo huwapo askari waliofundishwa kusikiliza kesi za namna hii, na wengi wao ni wanawake. Mwanamke akifika kaunta aseme, "Afande, nataka kwenda Dawati la Jinsia." Maneno hayo yanatosha.

Hivyo ndivyo kazi inavyotakiwa iwe. Sasa tuseme inavyokuwa mara nyingi.

Namjua mkulima mmoja katika Wilaya ya Kati. Sitamtaja jina wala kijiji. Ni mkulima hodari, na kitalu chake cha mpunga nilikuwa nawaonesha wenzake. Msimu mmoja nilifika nikakuta miche imekauka. Jirani yake akaniambia, "Bwana Shamba, mwenyewe yuko kwao, mkono una plasta." Mumewe alimpiga kwa sababu ya pesa za mavuno. Alitaka apewe zote. Mke alikuwa ameweka fungu la ada ya skuli.

Alikwenda kituoni peke yake, kwa daladala, usiku unaingia. Swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa hili: "Bibi, ulimfanya nini mumeo?" Hakuulizwa amefanywa nini. La pili lilikuwa, "Una watoto wangapi?" Alipojibu wanne, askari akasema, "Basi rudi nyumbani mkapatane. Ukimfunga huyu, nani atawalisha?" Hakuandikiwa kitu wala hakupewa PF3. Alirudi na daladala ya mwisho, na mume alikuwa anamsubiri. Mkono ulivunjwa usiku ule. Alipokwenda kituoni ulikuwa mzima.

Ndugu wasomaji, kisomeni tena kifungu hicho polepole. Mkono ulivunjwa baada ya polisi, si kabla.

Sisemi kwamba kila askari yuko hivyo. Nimezungumza na askari wa dawati wanaofanya kazi kwa moyo, wengine kwa nauli zao wenyewe kwa sababu gari la kituo halina mafuta. Nao wana malalamiko yao, na ni haki tuyasikie. Askari huandika maelezo kurasa nyingi. Husafiri mbali kumtafuta mtuhumiwa. Humkamata. Siku ya mahakama ikifika, mwanamke haonekani, na shahidi amesahau kila kitu. Wiki ya pili askari anawaona mke na mume kwenye harusi pamoja. Mambo haya yakimtokea mara tano, mara ya sita hachukui kalamu. Husema moyoni, "Hawa watapatana kesho, mimi nitabaki na jalada."

Naelewa, lakini sikubali. Mimi nikimfundisha mkulima kupanda kwa mstari, naye mwaka wa kwanza akanikatalia, siachi kwenda kwake mwaka wa pili. Napokea mshahara kwa kazi hiyo. Askari naye ni hivyo hivyo.

Lakini kwa nini mwanamke haonekani mahakamani? Hapa lawama inatoka kituoni, inarudi kijijini kwetu.

Jina lake ni muhali. Kila Mzanzibari anajua muhali. Ni ile haya ya kumkatalia mtu au kumshitaki mtu, kwa sababu ni jamaa, au jirani, au mtoto wa sheikh aliyetusomesha. Mume akikamatwa, siku ya pili wanakuja wazee wa pande mbili. Mama mkwe analia. Mjomba anasema, "Mwanangu, utatutia aibu." Baba mzazi wa mwanamke naye anasema, "Mwanangu, stahamili." Sulhu inafanyika. Mume anaomba radhi, pengine anatoa fedha kidogo, na fedha zenyewe huenda zikashikwa na wazee. Kisha mwanamke anapelekwa kituoni aseme, "Nimesamehe." Jalada linafungwa.

Nani aliyemsikiliza yeye? Hakuna. Wamesikilizana wazee.

Sulhu ni jambo jema. Mimi mwenyewe nimesuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba mara nyingi. Mke na mume wakigombana kwa maneno, au kwa ajili ya chakula, au kwa ajili ya ndugu wa mume, wazee wakae nao barazani. Hiyo ni kazi yao na wanaiweza. Lakini damu ikitoka, mfupa ukivunjika, mtu akitishiwa panga, mambo hayo si ya barazani tena. Kwa sheria kesi ya jinai ni ya serikali. Hata mwanamke akisamehe kwa moyo wake wote, anayeamua kuifunga ni mwendesha mashitaka.

Watu hupenda kutaja methali: "Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime." Methali hii ni nzuri, lakini ni ya ndugu. Tusiipeleke kwa mke anayepigwa. Mimi kazi yangu ni jembe, na nasema usiku kama huo jembe likae chini.

Je, hesabu zinasema nini? Mwaka 2015 na 2016 ulifanywa uchunguzi mkubwa wa afya katika Tanzania nzima. Wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliulizwa. Wanne katika kila 10 walisema wamewahi kupigwa na mtu tangu walipofika miaka 15. Visiwani hesabu ilikuwa ndogo kuliko Bara. Waliotafuta msaada, wengi wao walikwenda kwa jamaa zao, na waliokwenda polisi walikuwa wachache. Hapa Zanzibar, Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali hutoa hesabu za udhalilishaji. Wengi katika hesabu hizo ni watoto. Mtu anaweza kufikiri kwamba wake hawapigwi. Lakini yule mkulima wa Wilaya ya Kati hayumo katika hesabu hizo. Askari hakuandika.

Wapo wanaouliza, "Hata mume akikamatwa, inasaidia? Si atarudi na hasira zaidi?" Swali hili ni la haki, na Marekani walilifanyia majaribio, kama sisi tunavyofanya shamba la majaribio. Ilikuwa katika mji wa Minneapolis, mwaka 1981 na 1982. Polisi waligawa kesi za kupigana nyumbani mafungu matatu, kwa bahati nasibu, bila ya kuchagua. Fungu la kwanza, mpigaji alikamatwa. Fungu la pili, askari walitoa ushauri tu. Fungu la tatu, mpigaji aliondolewa nyumbani kwa saa kadhaa. Kisha wakazifuata kesi hizo kwa miezi 6 katika vitabu vya polisi.

Matokeo yalikuwa haya. Katika kila 100 waliokamatwa, kiasi ya 10 walirudia. Katika kila 100 walioshauriwa, 19 walirudia. Katika kila 100 walioondolewa kwa muda, 24 walirudia. Ushauri mtupu haukushinda pingu.

Lakini mkulima mzuri hatosheki na shamba moja. Hujaribu mbegu ile ile katika udongo mwingine. Wamarekani nao walirudia majaribio katika miji mingine, na matokeo hayakuwa sawa. Katika mji wa Milwaukee waliona kwamba mwanamume mwenye kazi akikamatwa huogopa, kwa sababu ana kitu cha kupoteza. Asiye na kazi huweza kurudi mkali kuliko alivyokuwa. Basi kukamata kunafaa, lakini kukamata peke yake ni kama kupanda bila ya kupalilia. Baada ya kumkamata mtu, lazima nyumba ile iangaliwe.

Hapo ndipo narudi kwenye lile nililosema la sheria zetu. Mtu aliyekamatwa kwa kosa la kupiga hapa Zanzibar huweza kupata dhamana. Dhamana ni haki yake. Kwa hiyo anaweza kukamatwa Jumatatu na Jumatano akawa mlangoni kwake. Kwa kuwa hatuna sheria maalumu ya kumweka mbali, usiku wa Jumatano ndio wa hatari. Mwanamke amwambie askari wa dawati, "Mkimpa dhamana, nijulisheni kabla hajatoka." Alale kwao au kwa jamaa anayemwamini. Sheha ajue. Mume akija kutisha, mwanamke atoe taarifa tena, na aombe dhamana ile iangaliwe upya. Kumtisha shahidi ni kosa jingine.

Tuzungumze na jirani sasa. Katika Mji Mkongwe nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta. Kofi likipigwa chumbani, watu wa barazani wanalisikia. Shamba nyumba ziko mbalimbali, lakini usiku ukelele unafika mbali. Hakuna awezaye kusema, "Sikusikia." Kapige hodi. Nendeni wawili au watatu, msiende kwa mikono mitupu ya maneno ya kuchochea. Omba hata moto wa kuwashia jiko. Kugonga mlango tu kumewahi kuzuia mengi. Mwite sheha. Piga simu 112, ambayo ni nambari ya polisi ya dharura, au mpigie askari wa shehia yenu kama mnayo nambari yake. Sema mahali wazi: kijiji, njia, nyumba iko karibu na nini. Askari hawezi kufika "kule kwa yule bwana." Kisha uwe tayari kuandikisha ulichokisikia na ulichokiona. Kesi nyingi hufa kwa kukosa mtu mmoja wa kusema, "Nilisikia, nilifika, nilimwona na damu."

Damu ikitoka sana, nendeni hospitali kwanza. Karatasi zitafuata. Msifue nguo zenye damu. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja kiko kituo kinachoitwa Mkono kwa Mkono, kilichofunguliwa mwaka 2011. Humo daktari, polisi na mshauri wako mahali pamoja, mtu hazunguki mji mzima na maumivu yake. Huduma ya namna hiyo imefikishwa pia Kivunge na Makunduchi. Kwa msaada wa sheria bila ya malipo, kuna Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, na kuna wanasheria wanawake wa ZAFELA. Muulizeni sheha msaidizi wa sheria aliye karibu nanyi.

Nimebakisha jambo moja, na hili nawaambia hasa nyinyi mliojifunza kusoma karibuni.

Askari akimaliza kuandika maelezo yako, atakupa karatasi utie saini. Zamani ulitia dole gumba, ukaondoka. Hukujua kilichoandikwa. Sasa unajua kusoma. Basi isome. Soma neno kwa neno, hata kama ni polepole, hata kama nyuma yako kuna foleni. Hati ya askari ikikushinda, mwambie akusomee, na umsikilize. Angalia tarehe. Angalia jina la aliyekupiga. Angalia alikupiga kwa nini: kwa ngumi, kwa fimbo au kwa mchi? Angalia alikupiga wapi, na mara ngapi kabla ya siku hiyo. Angalia majina ya mashahidi wako.

Tena angalia neno hili. Kama umesema "alinipiga" na karatasi inasema "tulipigana," hayo si maneno mamoja. "Tulipigana" ni ugomvi wa watu wawili. "Alinipiga" ni kosa la mtu mmoja. Mwambie askari, kwa adabu, "Afande, hapa sikusema hivi. Tafadhali rekebisha." Ni haki yako. Akirekebisha, soma tena, ndipo utie saini. Nambari ya kesi iandike kwenye daftari lako la mahesabu ya shamba, pamoja na jina la askari na siku uliyokwenda.

Kama kituo kimekataa kuandika taarifa yako, muulize Mkuu wa Kituo. Akikataa naye, yuko Mkuu wa Polisi wa Wilaya. Juu yake yuko Kamanda wa Mkoa. Unguja ina makamanda watatu: wa Mjini Magharibi, wa Kaskazini na wa Kusini. Ukienda kwao na daftari lenye tarehe na majina, watakusikiliza kuliko ukienda na machozi peke yake. Si kwamba machozi hayana maana. Ni kwamba tarehe haikanushiki kwa urahisi.

Yule mkulima mwenye plasta alikwenda kituoni mara ya pili. Safari hiyo alikwenda na dada yake pamoja na sheha, mchana. Aliandikiwa, alipewa PF3, na mume alikamatwa. Kesi ilipoanza, wazee walikuja nyumbani mara tatu. Mara ya tatu baba yake alisimama mlangoni akawaambia waingie kunywa kahawa, lakini habari ya jalada isitajwe. Mahakamani alikwenda.

Mwezi ujao tutarudi kwenye muhogo. Nitaeleza namna ya kuchagua vipando visivyo na ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Wenye maswali wampe bwana shamba au bibi shamba wa eneo lao.